Hakusimama

Alhamisi hiyo Benedikta alimwona yule mwanamume tangu mbali, amesimama katikati ya barabara ya Isikizya, mikono juu, shati limelowa jasho. Badala ya kufunga breki, alikanyaga mafuta. Mwanamume akaruka pembeni. Kwenye kioo Benedikta alimwona akipiga kelele, kisha vumbi likamfunika.

Hakuwa na roho mbaya. Alikuwa Bibi Maendeleo wa serikali, mwanamke wa kwanza ofisini kwao kukabidhiwa Landrova, na Mzee Nassibu aliyemfundisha kuendesha kule Mtendeni alimkaririsha maneno yale yale kila asubuhi: "Ukiwa peke yako, binti yangu, milango funga, vioo pandisha. Na porini usimsimamie mtu usiyemjua. Hata akilia."

Jumatatu yake alikuwa zahanati, anapanga makopo ya maziwa pamoja na Koleta, muuguzi.

"Umesikia ya Imakulata, yule wa kijiji kipya?" Koleta alimwuliza. "Amefariki Alhamisi kwa uchungu wa uzazi. Na mtoto naye. Gari halikupatikana."

"Mumewe je?"

"Lugembe? Hakuwapo nyumbani. Wanasema alikimbilia barabarani kutafuta gari."

Kopo likamponyoka Benedikta.

Kesho yake alikwenda msibani. Nyumba zilikuwa zimepangwa mstari, udongo wa kuta haujakauka vizuri. Watu walikuwa wamehamishiwa pale mwaka ule ule wa sabini na nne. Hakuhitaji kuonyeshwa mfiwa. Alikuwa yeye, sura ile ile ya barabarani. Benedikta alipiga magoti mbele yake.

"Kaka, mwenye gari lile ni mimi. Nilikuona, nikakupita."

Lugembe aliinua macho.

"Uliona watu wangapi?"

"Wewe tu, kaka. Peke yako."

Mwanamume alishusha pumzi, akainamisha kichwa. "Nyanyuka, dada. Ni kazi ya Mungu."

Ungedhani yameisha. Kwa Benedikta ndiyo kwanza yalianza. Kila akifumba macho aliiona ile mikono juu. Kila Alhamisi akawa anakwenda kwa wafiwa na unga na sabuni. Alichota maji, akatwanga, akawaogesha watoto wawili walioachwa na marehemu. Mama yake Imakulata akaanza kumwita mwanangu, na neno hilo likamchoma kuliko tusi.

Lugembe hakukaa naye hata mara moja. Akisikia mlio wa Landrova, alichukua jembe akaenda shambani. Benedikta hakumlaumu. Nani angetaka kumtazama mtu aliyemwacha mkewe afe?

Na porini sasa alimsimamia kila aliyenyoosha mkono. Wachoma mkaa, wawindaji, watu asiowajua kwa jina wala kwa sura, wote aliwafungulia mlango. Mzee Nassibu alipomgombeza, alijibu kwamba afadhali kufa kuliko kuua tena.

Siku ya arobaini, sala ilipokwisha na watu walipoanza kutawanyika, Benedikta aliingia garini. Mara akamwona Lugembe anakuja, mwendo wa mtu aliyebeba mzigo. Alisimama hatua mbili kutoka kwenye mlango uliokuwa bado wazi.

"Dada, wanasema siku hizi unamsimamia kila mtu."

"Ndiyo, kaka."

"Hata wanaume? Hata porini?"

"Nilimuua mkeo kwa kutosimama," Benedikta alisema, machozi yakimtoka. "Sitarudia."

Lugembe alisogea, akausukuma mlango taratibu hadi ukajifunga. Alisubiri mpaka Benedikta akashusha kioo kidogo.

"Rudia," alisema, macho chini. "Siku ile mimi sikujua kama Imakulata ameshikwa na uchungu. Tangu alfajiri nilikuwa pale barabarani nakungoja wewe. Wenzangu wawili walikuwa nyasini, na mapanga."