Kofia ya Kabla ya Chai

Tangu kofia za kupimia ubongo zilipoanza kugawiwa majumbani, kila mtu mzima pale Mwanga alitakiwa kuvaa yake kabla ya chai. Ikiwaka nyekundu, ni kiharusi. Gari la wagonjwa huja lenyewe, na tangu dakika hiyo mwenzi wako ndiye anayekuamulia kila jambo.

Jana Nakiete alimwambia mumewe, Elieza, kwamba nyumba haiuzwi ng'o. Leo Elieza akamletea kofia mwenyewe mpaka jikoni, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Ikawaka nyekundu.

"Umeichezea, Baba Nderingo!"

"Mimi? Hata kuifungua sijui. Kaa chini, gari linakuja."

"Sikai. Mimi mzima, na nyumba haiuzwi."

Elieza alimkazia macho mdomoni. "Hebu rudia, mke wangu. Sijakuelewa."

Nakiete akaenda kwenye kioo na kunyanyua mikono yote miwili, kama wauguzi walivyowafundisha kujipima kiharusi. Aliiona imepanda sawasawa. Akamgeukia mumewe ili naye ajionee.

Elieza alikuwa akiutazama mkono wa kushoto wa mkewe, uliobaki ukining'inia ubavuni, machozi yakimlengalenga, na nje gari lilikuwa limeshafika getini.