Majibu ya Nyonga

Kila alfajiri nyonga ya bandia ya Bi Mwanate ilipima ute wa kiungo, ikatafuta vijidudu, kisha ikampelekea majibu bintiye, Zamzam. Ndiyo sheria: mgonjwa mwenyewe haambiwi, asije akaingiwa na hofu, mpaka gari la upasuaji lifike mlangoni.

Leo mjukuu anaolewa! Ngoma ilipokolea, Bi Mwanate alijifunga leso kiunoni akajitoma uwanjani, vigelegele juu. Mara akamwona Zamzam anamjia mbio. Akajitayarisha kubishana, maana mwaka wa pili huu wimbo ni ule ule: “Mama, kaa chini, utaiumiza nyonga!”

Zamzam akamfuta jasho taratibu.

“Cheza, mama. Leo cheza mpaka uchoke.”

Vigelegele vikazidi. Bi Mwanate akageuka kuutazama mlango.