Gauni la Dua ya Jumapili

"Marehemu alikuwa wa jumuiya gani ya dua?" imamu aliuliza. "Wenzake ndio wa kumwosha."

Mulikatu alivuta shuka, akamfunika marehemu miguu. Mumewe, fundi cherehani, alikuwa amelazwa mkekani tangu alfajiri, na mtaa mzima pale Ibadan ulijua alivyokuwa akiwacheka watu wa jumuiya, eti wanashona sare ya kumwombea Mungu.

"Hakuwa nayo," kaka wa marehemu alidakia. "Mimi nina kanisa langu, na wanangu wanamchimbia kaburi huko kanisani. Shemeji, alasiri imepita. Utamzika na nani?"

Mulikatu aliingia chumbani, akafungua sanduku lake. Chini kabisa, chini ya mablanketi, lilikuwapo gauni la kijani, sare ya jumuiya ya wanawake wa Kiislamu wanaokutana kwa dua kila Jumapili. Miaka sita alikuwa akimwambia mumewe anakwenda sokoni. Akilivaa, imamu atajua ni mwanajumuiya, wenzake watakuja na waume zao, na mazishi yatafanyika. Lakini mtaa mzima utajua kwamba alimdanganya mume mpaka akaingia kaburini.

Alilikunjua. Jumapili iliyopita msumari wa benchi ulilichana kwapani, naye akalificha hivyo hivyo.

Palipochanika palikuwa pameshonwa. Mishono ilikuwa midogo midogo, imebanana, mishono ambayo Ibadan nzima ni mkono mmoja tu uliojua kuishona.

Mulikatu alilivaa, akatoka nalo mpaka pale kwenye mkeka.

"Shemeji," alisema, "waambie wanao waache kuchimba."