Mkongojo Umeanza Kuinama

"Kaka, mama anashuka kitandani," dada mtu akasema, macho hayabanduki kwenye skrini.

Kamera waliyomwekea mama yao mgonjwa ilikuwa ikiwachezea shere tangu asubuhi, na kaka, fundi wa mitandao, akiwa na dada yake mji mwingine, alikuwa ameingia kwa mtandao kwenye kompyuta inayoiendesha, iliyoko kwa mama. Akaandika amri ya kuzima mtandao wa kompyuta hiyo ili auwashe upya, akabonyeza.

Picha ikaganda. Mguu mmoja wa mama sakafuni, mkono hewani, mkongojo umeanza kuinama.

"Washa basi."

"Siwezi, dada. Nimefunga mlango ule ule niliopitia."

Dada akampigia mama. Simu ikaita, ikaita, na wote wawili wakaiona pale kwenye picha, juu ya kabati, upande wa pili wa chumba.