Ushuhuda wa Baudouin

Baudouin aliramba kidole kabla ya kubonyeza kila herufi. Kilikuwa kidole kile kile alichokuwa akichokonolea sikio. Eugénie aliitazama kibodi yake iking'aa mafuta ya chapati.

"Imekataa tena," mwanaume akasema, makombo yakimtoka mdomoni.

Eugénie alikuwa na chumba kidogo cha kuchapa hapa Mbarara, na wateja wachafu alishawazoea. Huyu alimshinda. Lakini alikuwa Mkongomani mwenzake, ametoka kambi ya wakimbizi ya Nakivale alfajiri na flashi mfukoni, na ndani ya flashi mlikuwa na ushuhuda wake, umefungwa kwa neno la siri linalokataa kufungua.

"Kesho niko na mahojiano ya kupelekwa ng'ambo, pale Base Camp, dada. Bakikuta kitu kimoja hakipatane na makaratasi ya dosie yangu, basi. Mimi na watoto tutaozea mule kambini."

"Si uwaambie tu yaliyokupata? Yako kichwani."

"Ni mingi, dada. Kichwa inachoka."

Eugénie aliona haya kwa kuuliza. Hata yeye alikuwa na yake asiyoweza kuyasimulia mara mbili.

"Uliweka neno gani?"

"Jina ya bibi yangu, Pélagie. Nilibonyeza mwenyewe. Vénant aligeuka, akaangalia ukuta. Yule ni mtu wa siri."

Aliposikia jina la Vénant, Eugénie akaelewa. Kabla hajasafiri kwenda ng'ambo, Vénant ndiye aliyewachapia shuhuda watu wengi wa Base Camp kule Nakivale, Eugénie mwenyewe akiwa mmoja wao. Kompyuta ya Vénant ilinunuliwa huku Uganda, ina herufi zilizopangwa kwa Kiingereza, ila kwa ndani aliiweka Kifaransa, maana vidole vyake vilijifunzia kule Uvira, Kongo. Ukibonyeza A, inaingia Q. Na kwa kuwa neno la siri huonekana nukta tupu, mteja huondoka bila kujua alichoandika.

Eugénie akaigeuza kompyuta yake iwe ya Kifaransa.

"Bonyeza tena. Na usirambe kidole."

Waraka ukafunguka.

Baudouin alipiga kelele ya furaha, akamkumbatia kwa nguvu, akamwachia harufu ya jasho na vitunguu shingoni. Eugénie alijifuta kwa kiganja. Mwanaume akavuta kiti, akaanza kusoma kwa sauti, akifumba macho kila baada ya mstari kama mtoto wa darasa la pili.

"Mwanangu Eliane alifariki tukikimbia kutoka Fizi. Nilimfunga mgongoni kwa kitenge, nikatembea naye siku tatu, ili wenzangu wasiniambie nimwache." Akafumba macho. "Kitenge. Siku tatu. Kitenge. Siku tatu." Akacheua, akaokota kipande cha chapati kilichobaki mezani.

Eugénie alikuwa amesimama, mkono mmoja ukutani. Alimwangalia akikariri na kutafuna, akitafuna na kukariri.

"Ine," akasema.

"Nini, dada? Hapa baliandika tatu."

"Vénant alikosea. Nilimubeba siku ine."