Kumkagua Mzee wa Alfajiri

Huyu aliyevuta kiti mgahawani na kuketi mbele ya mfamasia hakuwa mzee hata kidogo. Alikuwa na miaka arobaini, ikizidi sana arobaini na miwili, na ndevu alizichonga vizuri. Mfamasia akajisemea moyoni: haya, tapeli mwenyewe ndiye huyu.

Tangu mwaka uanze, mama yake alikuwa haambiliki kuhusu kundi lake la maombi la mtandaoni. Waumini mia mbili, kila mmoja na jina lake la humo humo, na kati yao Mzee wa Alfajiri, aliyewaamsha wenzake kusali kabla jogoo hajafikiria kuwika. Mara Mzee wa Alfajiri kasema hivi, mara Mzee wa Alfajiri kaomba vile. Mama mjane, simu mkononi, anacheka peke yake jikoni! Juzi akatangaza kwamba mzee anataka waonane.

"Mama, huko mtandaoni kumejaa matapeli. Wanakariri Biblia kuliko wachungaji!"

"Basi nenda wewe ukamkague," mama akasema, wala hakubisha. "Si ndiyo kazi yako?"

Kweli ndiyo kazi yake. Binti huyu hakuuza chupa ya dawa kabla hajasoma tarehe ya mwisho wa matumizi, na wachumba nao aliwasoma vivyo hivyo. Hakuna aliyebaki kwenye rafu. Sasa alitaka jambo moja tu: mama yake, aliyemlilia marehemu baba mpaka macho yakavimba, asilizwe tena na mtu asiye na haya.

Mama alishughulikia mavazi. "Vaa lile gauni la bluu. Usiende na koti la dukani ukamtisha mzee wa watu." Alipoingia bafuni, binti akaitia simu ya mama kwenye mkoba wake. Ushahidi huo.

"Bwana asifiwe," alisema yule mwanamume, kwa sauti ya mlinzi wa getini.

"Amina. Mama yangu anajua una miaka mingapi?"

Mwanamume akakunja uso. "Mama yako? Dada, mimi ndiye nataka kuuliza. Baba yangu anajua wewe una miaka mingapi?"

"Baba yako nani?"

"Mzee wa Alfajiri. Na wewe ndiwe Mama Subira?"

"Mama Subira ni mama yangu!"

Wakatazamana. Kisha kicheko kikawatoka kwa pamoja mpaka mhudumu akageuka.

Kumbe naye alikuja kukagua. Ni mpima ardhi, anaishi na baba yake, na baba hachoki kumsema: viwanja vya watu wote umeshavipima, chako bado pori.

"Nilijua ni mwanamke anayewinda nyumba ya mzee," akakiri. "Nikamwambia nitakwenda mimi. Hakukataa! Hata shati hili kanipigia pasi yeye."

"Afadhali wewe. Mimi nilipanga kukupeleka polisi."

Wakaagiza chai. Wakaulizana maswali ya wakwe: mzee anakoroma? Mama ana hasira? Chai ya pili ikaja. Mpima ardhi akasimulia jinsi mbwa wa kiwanja fulani alivyomkimbiza hadi juu ya ukuta, na mfamasia akacheka, halafu akajishika mdomo, kwani ni lini mara ya mwisho alicheka hivyo? Nje jua lilikuwa limeshapinda na hakuna aliyetaja kuondoka.

"Basi tuwaache wazee wapendane," akasema mfamasia hatimaye. Moyo wake ulikuwa mwepesi. "Mama amelia vya kutosha. Baba yako akimpenda kweli, mimi sina neno."

"Na mimi sina. Tukawape baraka zao. Wanastahili."

Simu ya mama ikatetemeka mkobani. Akaitoa na kuiweka katikati ya meza: ujumbe wa Mzee wa Alfajiri. Wakainama wote wawili kusoma, vichwa vikikaribia kugongana.

"Mama Subira, mbona kimya? Watoto wameelewana? Wapendwa wote mia mbili tumefunga tangu jana kwa ajili ya ndoa yao, na wengine njaa inatuuma."