Mpunga Aliouchagua Fuko

Mniwie radhi, hekaya hii naiharibu kila nikiisimulia, na leo sijaja kujirekebisha.

Wakati wa kuchagua mbegu, wanyama wa bondeni walikata masuke ya mpunga mrefu kuliko wote. Fuko, asiyeona mbali, aling'oa mashina akapapasa mizizi.

"We Fuko, tutakula mizizi?" Korongo alimcheka.

"Mizizi ya huu imezama wima, Bwana Korongo, na watoto wake watazama vivyo hivyo. Yako imetandaa juu juu kama mkeka."

"Haya, panda! Usipovuna, shamba lako litakuwa langu, nawe uhame."

Fuko akapanda, roho mkononi. Mvua ikakatika mpunga ukiwa umebeba mimba. Wa Korongo ukajikunja, ukakauka. Fuko akachimba chini ya shamba lake, akapapasa: mizizi ilikuwa imempita, imefika kwenye udongo mbichi! Akatoka akicheza katikati ya masuke yaliyojaa.

Korongo akaja, shingo chini. "Mzee Fuko, nigawie mbegu."

"Chukua, jirani. Ila siku ya kuchagua, uiname."

Mnauliza mbona nyie hamnayo? Fuko alinipa kibaba kizima niwaletee. Nikakipika pilau.